Msomaji Mmoja wa Mji wa Mbali

Baba yangu anatengeneza vyerehani, na wateja humwita Daktari. Mimi humwita Mbishi, ila kimoyomoyo, maana bado nakula kwake. Karakana yake ni chumba kimoja chenye dirisha la barabarani na meza ya mbao iliyolowa mafuta. Mlango wa pili ni duka la kuchapa na kutoa nakala, ambako nimeajiriwa.

Kiti cha pili pale mezani kilikuwa cha kaka yangu. Miaka sita iliyopita mteja alileta cherehani kinachokata uzi. Baba akakifungua, akakuta tundu la bamba, pale sindano inapopenya, limetafunwa na tupa ya kukwangulia chuma.

"Nani katia tupa hapa?"

Kaka akasema si yeye. Baba hakumsikiliza. Akamwambia mbele ya wateja wanne, "Toka. Mkono wako usiguse tena chombo changu." Kaka akaweka bisibisi mezani, akatoka.

Wiki ile ile mteja akarudi kukiri, uso chini, kwamba mumewe ndiye aliyejaribu kulikwangua nyumbani. Hasira hasara! Simu ya kaka ilikuwa haipatikani, na haikupatikana tena. Dereva mmoja wa basi alituambia alimshusha mji fulani, mwendo wa siku mbili, zaidi ya hapo hakujua. Baba akawa anaishi na kiti kile kana kwamba kina mtu. Ukikivuta tu, anakuuliza unakipeleka wapi.

Wazo la blogu ya masomo ya ufundi lilikuwa langu. Akauliza bei, nikamwambia bure.

"Bure? Ni mwendawazimu gani huyo anayegawa mali?"

Nikamwonyesha: ukurasa wa bure, programu ya bure ya kung'arisha picha, na nyingine ya kugeuza sauti kuwa maandishi, kwa sababu yeye na kalamu hawapatani. Anaongea, simu inaandika, mimi nanyoosha. Chini ya somo lake kuhusu mkanda uliolegea pakatokea tangazo la dawa ya kupunguza tumbo. Akasema, "Umeona? Bei yenyewe ndiyo hiyo."

Kilichomteka ni kihesabu wageni, nacho cha bure. Kinaonyesha wangapi wamefungua somo na, kwa kidoa kwenye ramani, wako mji gani. Majina hakitoi. Mwezi wa kwanza tulikuwa na mimi, mimi tena, shangazi, na mtu mmoja wa mji ule alikoshushwa kaka. Baba akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena.

Kila Jumatano tukitoa somo, kesho yake saa saba mchana yule mmoja ameshafungua. Neno hakuandika, miaka miwili! Jamani, nilianza kukiogopa kile kidoa kwenye ramani. Mtu anasimama mlangoni kwako kila wiki, hodi habishi, na kuondoka haondoki. Baba akawa anaongea na simu kwa sauti ile aliyokuwa akimfundishia kaka. "Usiharakishe, mwanangu. Zungusha gurudumu polepole." Mimi nilikuwa nalifuta lile "mwanangu", nikiona halifai kwa wasomaji. Najuta hadi leo.

"Si uandike tu samahani?" nilimwambia siku moja.

"Mbele ya watu wote hao?"

"Ulimfukuza mbele ya watu, Baba."

Kesho yake akaja na mtego.

Bamba likiwa na mkwaruzo, Baba hachukui tupa. Anachukua uzi mnene, anaupaka dawa ya meno, anaupitisha tunduni na kuuvuta huku na huku mara arobaini. Kisha anavuta mara moja zaidi na kusema, "Na hii ya mwenye cherehani." Hakumfundisha mtu hilo ila kaka. Mimi nalijua kwa kuchungulia. Sasa akaiambia simu: bamba likikwaruza, chukua tupa, kwangua.

"Baba! Watu wataharibu vyerehani vyao."

"Nitavitengeneza bure. Yule hawezi kusoma ujinga huu akanyamaza. Namjua, mbishi sijui karithi kwa nani."

Nikamtazama yeye mwenyewe, nikalichapisha somo.

Ijumaa mama mmoja akaja na bamba limeliwa lote, akamshukuru Baba kwa somo zuri. Baba akampa jipya bila kumtazama usoni. Yule wa mji wa mbali alikuwa amelifungua somo mara sita.

Jumatatu maoni yakaingia. Niliiacha mashine ya nakala inatema karatasi, nikakimbilia karakana, nikaanza kusoma kwa sauti kabla sijasoma kwa macho. Kosa langu hilo.

"Shikamoo fundi. Samahani kukukosoa, wewe mkubwa wangu. Tupa inaharibu tundu. Chukua uzi mnene, paka dawa ya meno, vuta mara arobaini, halafu moja ya mwenye cherehani."

Baba alishasimama. Alicheka huku machozi yanamtoka, akapiga meza mpaka skrubu zikaruka. "Ndiye! Si nilikwambia? Ndiye!"

Nami ulimi ulishafika mstari wa chini.

"Ndivyo alivyonifundisha marehemu fundi wangu. Alikuwa akinisomea masomo yako wakati wa chakula cha mchana. Tangu alipofariki, mwezi wa pili, nasoma peke yangu."

Tulikuwa mwezi wa tisa. Baba akaomba nirudie, nikarudia. Akaketi.

"Fundi wake," akasema. "Kumbe alikuwa na mwanafunzi." Akaionyesha simu kwa kidole. "Muulize, binti yangu. Alimwambia kazi alijifunza wapi?"

Nikaandika. Jibu halikuchelewa.

"Kwa baba yake. Walikosana kwa ajili ya bamba lililokwanguliwa, na hakuwa yeye. Alisema siku baba yake akijua ukweli, atarudi nyumbani."

Baba aliinama juu ya simu mkononi mwangu, akasogeza mdomo karibu, kama alivyozoea akitoa somo.

"Nilijua," akasema. "Nilijua wiki ile ile."

Sikuwa nimeiwasha inase sauti.