Maneno Mawili Niliyoyakata

Sentensi niliiandika mwenyewe ubaoni: "Lava inatembea polepole, mtu anaweza kuikimbia." Darasa la tano wakaisoma kwa pamoja mara kumi, kama tunavyofanya kwa kila somo, wakainakili kwenye kaye, daftari zao, nami nikapita na kalamu nyekundu nikitia "Vu". Vu maana yake Madame ameona, iko sawa.

Nisikisingizie kitabu. Kitabu kilisema "mara nyingi lava inatembea polepole". Maneno hayo mawili niliyakata mimi, kwa sababu sentensi ndefu watoto hawaendi nayo pamoja, wanajikwaa. Nimesoma miaka minne tu baada ya shule ya msingi. Volkano sijaiona. Ile ya Goma iko upande mwingine wa ziwa, na ninayoyajua ni ya kitabu, na ya watu walioshuka bandarini hapa Bukavu na magodoro kichwani.

Mmoja wao alikaa benchi la pili. Msichana wa miaka kumi na mmoja, aliyekuja kwa boti na mama yake baada ya mlima kutapika, wakafikia kwa mjomba, mtaa wa Kadutu. Siku ile alisoma kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilifurahi, nikafikiri anapona.

Wenzake walipotoka, alibaki.

"Madame, iko kweli inatembea polepole?"

"Iko kweli, mutoto wangu."

"Hata mutu muzee anaweza kuikimbia?"

"Akianza mapema, ndiyo."

Alifunga kaye yake taratibu, akaenda.

Kesho yake mama yake alinikuta mlangoni kabla ya kengele. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Aliniambia huku akiangalia viatu vyangu. Walikuwa wanakimbia watatu: yeye, mtoto, na koko, yaani bibi wa mtoto, mama aliyemzaa yeye. Koko akarudi ndani kuchukua vitenge vyake. Yeye akamwita mara mbili. Akageuka, akaona moto umeshaingia kwenye kiwanja cha jirani. Akamvuta mtoto mkono, wakaenda.

"Ilikuja kama maji kwenye mutelemko, Madame. Sasa mutoto anafungua kaye mbele yangu. Anasema, maman, muda ulikuwa, ulimuacha koko. Hasemi na mimi tena. Nikimupa chakula, anangoja nitoke ndio ale."

"Ulimuambia ilikuja mbio?"

"Nilimuambia. Anasema Madame alitia Vu."

Sikuwepo Goma. Kama muda ulikuwepo au haukuwepo, mimi siwezi kusema. Ninachojua ni kwamba mtoto alikuwa na shaka yake ndogo, na mimi nikaipigia muhuri.

Asubuhi hiyo nilifuta ubao. Nikawaeleza kwamba kuna lava nzito kama bugali na kuna nyepesi kama uji, na ya Goma ni nyepesi, na kwenye mteremko inakimbia kuliko mtu. Kisha nikasema: "Mimi nilikosea." Mwalimu hapa hasemi hivyo mbele ya watoto. Mmoja nyuma akasema, "Basi Madame apige magoti," maana ndiyo adhabu yao wakikosea. Wakacheka. Nilikaribia kupiga kweli.

Yule msichana akainua mkono.

"Madame, unasema hivi kwa sababu maman yangu alikuja?"

Nilitamani kusema hapana.

"Alikuja, ndiyo. Ndiyo sababu nilisoma kitabu tena. Lakini kitabu kilikuwa hivyo tangu mwanzo. Mimi nilikata."

Nikampa kalamu nyekundu asahihishe kaye yake mwenyewe. Hakufuta kitu. Aliandika "mara nyingi" juu ya mstari, herufi ndogo sana, akachora mshale. Vu yangu akaiacha.

Ubao unafutika. Lakini wasichana walikuwa wameshaipeleka sentensi kwenye mchezo wa kuruka kamba: lava inatembea polepole, mguu huu, mguu ule. Nimekataza mara tatu. Wakiniona wananyamaza, nikipita wanaanza tena. Hata nyumbani, nikipepeta mchele, mikono yangu inafuata wimbo ule, mpaka naweka ungo chini. Na mama yule kila siku anamsubiri mwanawe pale karibu na lango, na wimbo wote anausikia.

Jana nilikuwa dirishani wakati wa kutoka. Msichana alisimama karibu na wanaoruka.

"Ongezeni mara nyingi," akasema.

Wakajaribu. Kamba ikawapiga miguuni.

"Haiingii, wee."

"Najua."

Akaenda langoni, akampa mama yake begi bila neno, akatangulia. Alitembea polepole, lakini hakugeuka. Mama alilibeba lile begi kifuani kwa mikono miwili, akamfuata nyuma.