Posa ya Mtu Asiyekula Nyama

Wasomaji wa mtaa wetu wa Buyenzi mtakuwa mmeshasikia. Wengine nawaambia mimi. Yule fundi wa malori kutoka Tanga, aliyejulikana mtaa mzima kwa kutokula nyama, amefariki wiki hii kwa malaria, na tumemzika Ijumaa baada ya sala. Tulipanga vyumba katika ua mmoja, mlango wake ukitazamana na wangu, kwa hiyo niliombwa nimwandikie maneno machache. Nimeandika na kufuta tangu jana. Sikufundishwa kuandika na mtu. Nilijifunza kwenye magazeti ya kufungia sukari, na kila nikimaliza sentensi nahisi kuna msomi mahali anaicheka. Safari hii naogopa kitu kingine: naogopa kumsifu kuliko nilivyompenda. Ukweli ni kwamba sikumwamini.

Nani alimwamini? Alikuja wakati wa vikwazo vya nchi jirani, mpaka umefungwa, malori yamelala Quartier Industriel, mtaa wa viwanda, bila mafuta. Fundi anafuata nini mahali ambapo magari hayatembei? Tena alitoka upande ule ule uliotufungia mpaka. Wengine walisema waziwazi kwamba ni jasusi. Ilipojulikana kwamba hali nyama, shaka yetu ikapata pa kukaa. Kwetu mwenyeji huonja kwanza chakula anachokukaribisha, ili ujue hakina sumu. Ukikataa hata baada ya hapo, umemtukana. Yeye alimkatalia kila mtu, kwa tabasamu, mkono kifuani. Mwalimu wa madrasa alimuuliza kama anaharamisha kilichohalalishwa, akajibu kwamba haharamishi chochote, hawezi tu. Mama muuza samaki ndiye hakuelewa kabisa. "Hata ndagala?" alimuuliza, akimwonyesha vidagaa vyake. "Ndagala iko nyama? Ile ni muboga ya ziwa, baba."

Kama angetulia na maharage yake, tungemzoea. Lakini asubuhi alisimama barabarani kuwazuia vijana wa baiskeli walioteremsha mbuzi kutoka milimani, wamefungwa miguu, vichwa vikining'inia karibu na gurudumu, akiwaomba wawageuze vichwa vikae juu. Alikwenda machinjioni kuomba ng'ombe wanaosubiri wawekewe maji. Alisema katika nchi nyingine wako watu wenye vyama kwa ajili ya kazi hiyo. Jambo hili liliniudhi, na bado linaniudhi. Milimani watu walikuwa wanauawa, kambi zimejaa waliokimbia, naye anatetea mbuzi. Kijana mmoja wa baiskeli alimwambia mbele yangu, "We Mutanzania, mi nimepita bariyeri tatu ya askari na hii mbuzi. Hakuna mutu aliuliza kama mi nimechoka." Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Alieleza kwamba aliendesha lori la ng'ombe kwa miaka, mpaka siku lilipoharibika juani, akawasikia wakifa mmoja mmoja nyuma yake. Tangu siku hiyo nyama haikupita kooni. Niliona ni hadithi nzuri, na hadithi nzuri ndizo ninazozishuku zaidi.

Kisha akapeleka posa. Binti alikuwa wa mzee mmoja mwenye duka la vipuri, ambako fundi alinunua boliti na mikanda, na ambako, kwa maoni ya majirani, alinunua boliti nyingi kuliko magari aliyotengeneza. Binti naye alimtaka. Alishaanza kupika sombe, yaani kisamvu, bila ndagala, na nyumba nzima ilimlalamikia. Mzee hakukataa. Alimwita mchana mmoja ale kwake, pamoja na mshenga, nami nikaenda kama jirani. Likaletwa sinia la pilau ya mbuzi. Mzee akaonja kwanza, kama ilivyo desturi, akachagua kipande kizuri akakisukuma upande wa fundi. "Mwanangu, mi sina maneno mingi," alisema. "Kula hii, tuongee mahari."

Mshenga alimgusa goti. Nyuma ya pazia tulisikia bangili za binti, kisha hazikusikika tena. Fundi alikitazama kile kipande mpaka wali ukapoa, halafu akakila. Alitafuna muda mrefu, macho yamelowa, akameza, akamshukuru Mungu. Mimi nilifurahi, nilidhani nimeona ndoa. Mzee akanawa mikono, akasema taratibu kwamba hatamwoza binti.

"Si amekula, Mzee?" mshenga aliuliza.

"Amekula, nimeona. Nilitaka kujua kama ni mutu anaweza kuacha neno lake. Leo ameacha neno lake juu ya kupata mutoto yangu. Siku watu ya bunduki wanakuja hapa, ataacha mutoto yangu juu ya nini?"

Tulitoka. Fundi alitapika kando ya mtaro, nikamshikia kofia. Binti aliolewa katika mji wa Rumonge. Fundi alibaki katika chumba chake, hakuoa, na aliendelea kuwasimamisha vijana wa baiskeli.

Ijumaa mzee alikuja mazikoni, akatupia udongo kwa mikono miwili. Wakati wa kurudi nilitembea naye, nikamuuliza ingekuwaje kama fundi angekataa kile kipande. "Apana, ningemukatalia vilevile," alisema. "Ningesema anatuzarau."

Hasira ilinipanda, kisha hofu, kwa sababu mzee si mtu mbaya na jibu lake nalifahamu. Miaka hii yote tumeishi hivyo. Kwenye bariyeri unaulizwa unatoka wapi, na anayeuliza ameshaamua. Mimi ninayetaka kila kitu kisiwe na kosa nimekesha nikitafuta jibu ambalo lingemwokoa fundi mbele ya lile sinia, na sikulipata, kwa sababu halikuwepo. Kuhusu mbuzi, sijui kama alikuwa sahihi. Nyama ninakula na nitaendelea kula, na mtu anayewalilia wanyama wakati wa vita bado ananitia shaka. Shaka siwezi kuizuia. Ninachoweza kuzuia ni kumwekea mtu mtihani ambao nimeshamfelisha, kisha nikamtazama akijitahidi. Aliyekwisha kuamua kumkataa mwenzake amkatae mlangoni, asimpikie.