Sarinten na Picha za Bibi Yake

Kwa miaka ishirini na sita Sarinten alimvisha nguo bibi yake, Raden Ayu Murtiningrum, mwanamke wa ukoo wa kifalme, hapa hapa Surakarta, kisiwani Java, na hakuwahi kumchoka kama alivyomchoka mwaka ule wa picha.

Chanzo kilikuwa wifi yake Raden Ayu. Wifi alipigwa picha kasimama kando ya kiti cha nakshi, akagawa nakala kwenye kila nyumba ya kifahari, wanawake wakamsifu miezi miwili. Raden Ayu hakuona raha tena. Mara tatu akaenda kwa fundi Tan, mpiga picha, mara tatu akazikataa picha. Ya kwanza pua ilitokea kubwa. Ya pili alionekana kama anatafuna. Ya tatu haikuwa na kosa, na hiyo ndiyo aliyoichukia zaidi, maana hakujua amlaumu nani.

Taabu yote ilimwangukia Sarinten. Batiki ya kujifunga kiunoni lazima ikunjwe marinda membamba kama kidole, moja moja, yabanwe kwa mbao mpaka yashike. Bibi akiketi kidogo tu, kazi yote imeharibika.

Mara ya nne Bibi alifika studio na batiki tano.

"Hii ya kahawia inaninenepesha," akasema, ameshafungwa tayari. "Nivue."

"Si ndiyo uliyoichagua jana, Bibi?"

"Jana nilikuwa mwembamba."

Alipovishwa ya nne, Sarinten alikuwa magotini, pini mdomoni, mgongo unawaka moto. Fundi Tan akaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi.

"Tulia, Bibi, mpaka nihesabu sita. Moja, mbili..."

"Herini zinaonekana?"

Picha ikaharibika. Fundi akaweka kioo kingine cha picha kwenye kamera.

"Moja, mbili, tatu..."

"Kidevu nikipandishe?"

Sarinten akatema pini. "Hebu funga mdomo, mwanamke wewe! Kasuku ana nafuu!"

Mtumishi kumwambia bibi yake hivyo, tena mbele ya mtu baki! Raden Ayu akamkazia macho, shingo imenyooka, hata kope haikucheza. Fundi Tan akahesabu mpaka sita.

Sarinten alifukuzwa palepale. Akaenda kwa dada yake nje ya mji, akala, akalala, akasema afadhali.

Siku ya tisa gari la farasi likasimama mlangoni. Raden Ayu alishuka mwenyewe, amefungwa batiki kama gunia la mchele, picha mkononi. Mwanamke wa pichani alitazama kama mtu anayeweza kurudisha jeshi nyuma kwa jicho tu. Wifi alipoiona akaificha ya kwake.

"Nimetoka vizuri, sivyo?"

"Vizuri sana, Bibi. Kwa sababu ulinyamaza."

"Panda gari. Mwezi ujao nataka nyingine, na mwavuli."

Sarinten akashusha pumzi. "Nitapanda. Lakini nguo utachagua moja, ukishavaa hubadilishi. Na huyo aliyekufunga hivi simtaki karibu na batiki zangu."

"Batiki zangu," Raden Ayu akamsahihisha.

"Basi zikunje mwenyewe."

Raden Ayu akajitazama kiunoni, akapanda gari, akasogea, akampisha kwenye kiti. Hawajafika hata kwenye daraja la kuingilia mjini, Bibi akaanza kuuliza mwavuli uwe wa rangi gani.