Mwalimu Kokuberwa na Yowe la Kuondoka

Mwalimu Kokuberwa alihamia kwangu mwaka uleule niliomzika mke wangu Wilhelmina. Alipanga chumba cha uani. Alikuja na begi moja, godoro, na kopo la senene, wale panzi wa kukaanga, aliopewa na mama yake huko Kamachumu. Akanipa nionje. Mimi senene sikuzoea. Nikala watatu, nikashukuru.

Nyumba yangu iko Igogo, upande wa mlimani, kwenye mawe. Jiwe moja liko nyuma ya choo, kubwa kuliko lori. Watu tumejenga juu ya mawe, chini yake na katikati. Mgeni akija huuliza kama hayawezi kuanguka. Huwa tunamwambia yalikuwepo kabla yetu.

Yeye hakuuliza hivyo. Aliuliza: "Mzee Luhende, likianguka, mnakimbilia wapi?"

Nikamwambia sijui.

"Na wenzako?"

"Hao nao hawajui."

Alikuwa anafundisha darasa la nne, shule ya msingi iliyo bondeni. Kipindi cha majanga hakikuwemo kwenye ratiba. Alimwomba mwalimu mkuu, akapewa Ijumaa kipindi cha mwisho, ambacho watoto huwa wamechoka. Aliwafundisha kwamba jiwe linapotaka kuondoka linatoa taarifa. Vijiwe vidogo vinaanza kudondoka. Maji yanatoka chini yake yakiwa na udongo. Mlango uliokuwa unafunga vizuri unagoma. Ukiona hivyo usichukue begi, usichukue kiatu. Kimbia ubavuni, usikimbie mbele ya jiwe. Nenda uwanja wa kanisa.

Watoto wakarudi nyumbani wakisukumasukuma milango. Mama Precious, jirani yangu anayeuza nyanya barabarani, alikuja kulalamika.

"Mwalimu, mwanangu kafungua na kufunga mlango mpaka bawaba imetoka. Utanunua nyingine?"

"Mlango ulikuwa unagoma?"

"Haukuwa unagoma. Sasa unagoma."

"Basi amejifunza."

"Nshomile wee," Mama Precious akasema, akaondoka akicheka. Ndivyo tunavyowatania Wahaya, kwamba wamesoma sana.

Niliwahi kumuuliza mwalimu kwa nini anahangaika hivi, na mshahara ni uleule. Akasema mwaka wa lile tetemeko la Bukoba, bibi yake alikuwa shambani kwenye migomba, mahali salama kabisa. Ardhi ilipotikisika alikimbilia ndani ya nyumba. Maisha yake yote, akiogopa kitu, alikuwa anakimbilia ndani. Ukuta ukamwangukia. Hakuna aliyewahi kumwambia kuna siku ya kukimbilia nje.

 

Mwezi wa kumi na mbili akaomba watu wazima wa mtaa nao wafanye zoezi. Mwenyekiti akakubali, siku ya Jumamosi. Mwalimu akapita kila nyumba kueleza: mtasikia yowe kutoka kwenye jiwe, mkisikia tu, ondokeni, nendeni uwanja wa kanisa. Kila mtu akasema sawa. Mimi nilisema sawa.

Jumamosi saa nne akamsimamisha binti mmoja aliyemaliza darasa la saba kando ya jiwe, akamwambia apige yowe. Binti ni Msukuma. Akapiga mwano, wenyewe hasa, ule mrefu wa kwenda na kurudi.

Watu wakaja. Wanaume walikuja na fimbo, mmoja na panga. Wanawake walikuja na ndoo za maji. Walitoka hata mtaa wa pili, ambako hawakuambiwa habari za zoezi. Katika muda mfupi jiwe lilikuwa limezungukwa, na wengi walisimama upande wa chini, pale hasa ambapo jiwe lingepita.

"Ondokeni!" mwalimu akapiga kelele. "Nilisema muondoke!"

"Mwizi yuko wapi?" mwenye panga akauliza.

"Hakuna mwizi! Mmekufa! Nyote mmekufa!"

Watu wakacheka. Mama Precious akamwambia mwenzake asogee kidogo, maiti inabanwa. Wakacheka zaidi. Mwalimu alirudi chumbani kwake akafunga mlango. Alidhani wamemfanyia dhihaka.

Jioni nikagonga. Nikamwambia hawakumdhihaki.

Nikamweleza. Huku kwetu mwano ni wito. Ukiusikia unaacha ulichoshika unaufuata. Kama ni mwizi, kama ni moto, kama ni chui, utajua ukifika. Asiyekwenda anaulizwa na jamii, na jibu huwa hana. Mtoto anaujua huo kabla hajajua kuhesabu. "Ulipita nyumba kwa nyumba kutwambia tukimbie, na tulikuelewa. Miguu haikukuelewa," nikamwambia.

Akanitazama. "Mbona hukuniambia mapema, mzee?"

Hapo ikabidi nimwambie lile lingine. Mwaka huo, mwezi wa nne, kabla hajahamia kwangu, jiwe dogo la upande wa pili lilianza kuteleza asubuhi. Mimi ndiye niliyeliona. Nikapiga mwano. Nilitaka kuwaonya watu. Wilhelmina alikuwa bombani kule chini. Akaacha ndoo akaja. Wengine walikuwa bado njiani. Yeye alikuwa mwepesi wa miguu, akatangulia kufika.

 Mwalimu akauliza kama anavyouliza darasani.

"Kwa hiyo hapa ukipiga yowe, unaita."

"Unaita."

"Kengele?"

"Inaita. Ya shule, ya kanisa, zote."

"Filimbi?"

"Watu watadhani mpira."

"Ngoma sitaki hata kuuliza."

"Usiulize."

"Sasa mkitaka kufukuza watu, mnapiga nini?"

 Nilifikiri usiku ule na siku zilizofuata. Sauti zote ninazozijua zinaita.

Jibu tulilipata barabarani, wiki kabla ya Krismasi. Mwalimu alikuwa ananunua nyanya kwa Mama Precious, nami nimesimama pembeni. Wachuuzi walikuwa wamejipanga mstari mzima, dagaa, mitumba, malimao, soli za viatu. Kutoka mwisho wa mstari mtu akasema, wala si kwa sauti kubwa: "Mgambo!"

Sijawahi kuona mwalimu akishangaa namna ile. Mstari wote ulitoweka. Walipandisha mlima kwa vichochoro vinne au vitano, kila mmoja anakijua chake, hakuna aliyegongana na mwenzake. Mama Precious, na unene ule, alikuwa wa tatu. Barabarani palibaki limao moja na mwalimu mwenye mia tano mkononi.

Mgambo wenyewe, wale wa jiji wanaokamata wachuuzi, hawakuwepo. Lilikuwa gari la maji.

"Mzee," mwalimu akasema, "hawakuuliza wako wapi."

"Ukiuliza umeshakamatwa."

Zoezi la pili likafanyika mwezi wa kwanza. Yowe lilikuwa "mgambo". Mtaa ulihama. Lakini wachuuzi walikimbia na mabeseni kichwani, mmoja na meza yake ya soli, ikabidi mwalimu awafundishe upya kwamba jiwe halinyang'anyi bidhaa, liachieni. Na wazee hatukukimbia. Mimi nilibaki nimekaa kwenye kigoda.

"Mzee Luhende, wewe vipi?"

"Mgambo hawana shida na mimi. Sina biashara."

"Kuanzia leo wewe ni mmachinga."

"Nauza nini?"

"Uza chochote. Kimbia."

Tulifanya mara tatu. Mara ya tatu nilifika kanisani kabla ya Mama Precious, naye akasema nimepita njia ya mkato.

Mtendaji wa mtaa, kijana anaitwa Nkwabi, alikuja akiwa na faili. Si mtu mbaya. Alimkuta mwalimu anafua.

"Mwalimu, nimeambiwa unafundisha watu kwamba serikali ni janga."

"Hapana, mtendaji. Nafundisha kuhusu jiwe."

"Kwa jina la mgambo."

"Ndilo neno pekee wanalolikimbia."

"Hilo ndilo sitaki liandikwe popote. Tumia filimbi."

"Filimbi inawaita."

"Tumia filimbi, mwalimu. Nikilisikia neno hilo tena nitapeleka jina la mtu wilayani. Nitafanyaje? Na mimi nina wakubwa."

Mwalimu akanunua filimbi. Alipoijaribu walikuja watoto kumi na mmoja na mpira wa makaratasi.

Masika ilianza mapema. Mwezi wa tatu ulikuwa wa mvua tupu. Alhamisi moja, saa tatu asubuhi, mwalimu yuko shuleni, nilikwenda chooni na mlango ukagoma. Nikausukuma kwa bega. Nikaangalia chini ya jiwe. Maji yalikuwa yanatoka, rangi ya chai ya maziwa.

Mwano ulishafika kooni. Nikaumeza. Ulikuwa mgumu kumeza kuliko nilivyodhani.

"Mgambo!" nikasema. Haikutoka vizuri. Nikarudia. "Mgambo! Mgambo hao!"

Mama Precious alikuwa jikoni kwake, anachagua nyanya kabla ya kushuka barabarani. Akalidaka neno akalipeleka mbele, na ana sauti. Nikasikia milango. Nikasikia beseni linatupwa. Tukatoka kwa ubavuni. Aliyekuwa mgonjwa alibebwa, na hakuna aliyekuja upande wangu kuniuliza kuna nini. Hata mmoja.

Tulikuwa uwanja wa kanisa jiwe lilipoondoka. Lilichukua choo, likachukua chumba cha uani na vitu vyote vya mwalimu, likachukua jiko la Mama Precious, likasimama kwenye ukuta wa mtu wa chini. Chini yake hapakuwa na mtu.

Mwalimu alipanda kutoka shuleni amelowa. Hakuenda kuangalia chumba chake. Alianza kutaja nyumba moja moja, na kila nyumba ikaitika kuwa wote wapo. Nilipoitika mimi alisimama kidogo, kisha akaendelea.

Nkwabi naye akafika, na koti la mvua. Alifurahi watu wako hai, hilo nililiona. Lakini alikuja na watu wawili kutoka ofisi ya juu, na mmoja wao akauliza kwa nini njiani wamekutana na watoto wanaosema mgambo wamevamia mlima.

"Nani amepiga kelele hiyo?" Nkwabi akauliza. Hakuuliza kwa kupenda.

Watu wakatazama miguu yao. Nikafungua mdomo.

"Mimi," akasema mwalimu Kokuberwa.

Alikuwa darasani na watoto sitini. Kila mtu pale alijua, Nkwabi pia alijua. Nikataka kusema. Akanitazama kama anavyotazama mtoto anayezungumza darasani, nikanyamaza. Nkwabi akaandika.

Mwezi wa sita akahamishiwa Kiseke. Barua haikusema sababu. Walimu huhamishwa. Mama Precious alisema angekwenda ofisini kupiga kelele. Akaenda, akakuta wako kwenye kikao, akauza nyanya mlangoni, akarudi.

Juzi mwalimu alinipigia simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huko kwema?"

"Kwema. Mzee, shule yangu mpya iko chini ya kilima, kuna mawe mawili siyapendi. Nimewakusanya watu. Nimejaribu mgambo."

"Wakakimbia?"

"Walitoka nje kuangalia. Wengi wa huku ni watu wa ofisini, mgambo hawawahusu."

"Na mwano?"

"Mwano wanakuja. Wamechanganyika makabila yote, lakini wanakuja."

 Salio linakwenda, lakini hakukata.

"Watu wa huku wanakimbia nini, mzee?"

"Mimi nitajuaje? Sisi ulituona barabarani."

"Vuli inakaribia."

"Basi toka ndani," nikamwambia. "Kakae mahali, uwaangalie wanakimbia nini."