Sauti ya Kuamia

Kwa asiyelima mpunga, nieleze kwanza kuamia ni nini. Mpunga ukishatoa masuke, punje zake hujaa maji meupe kama maziwa kabla hazijakomaa. Hapo ndipo ndege huupenda. Kweleakwelea hutua alfajiri kwa makundi, na shamba likiachwa peke yake asubuhi chache tu, mwenyewe atavuna makapi. Kwa hiyo watu huhamia shambani, hulala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya miti, na kabla jua halijachomoza huanza kupiga kelele kuwafukuza ndege; huko ndiko kuamia. Mama yangu aliifanya kazi hiyo tangu usichana wake, ng'ambo ya mto Kilombero. Alianza na sauti nzito, akaipandisha taratibu, kisha akaikata ghafla, kama mtu aliyefunga mlango. Ndege walishtushwa zaidi na ule ukimya wa ghafla kuliko kelele zenyewe.

Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha shule ya msingi Ifakara. Nilipanga chumba katika nyumba yenye ua wa pamoja. Chumba cha mbele alikaa fundi cherehani, aliyefanya kazi barazani. Aliyefuata ni mama mmoja muuza vitumbua, na chumba kilichopakana na changu kilikuwa cha mlinzi wa ghala, mtu mzima asiyependa maneno. Yeye alirudi kutoka lindoni watu wengine wakiamka.

Mama aliletwa kwangu na mguu uliovimba. Alijikata na jembe, akafunga kitambaa, akaendelea kulima ndani ya maji. Hospitali walimpima wakakuta ana sukari. Daktari alitueleza vizuri: kidonda kitapona polepole, kinahitaji kusafishwa mara kwa mara, na asikanyage maji ya jaruba. Mama alisikiliza, kisha akauliza swali moja.

"Mpunga ukianza maziwa nitakuwa nimerudi?"

"Tutaangalia, mama," daktari akasema.

Shamba alimwachia dada yangu na mumewe. Lakini lilikuwa lake, alilifyeka mwenyewe baada ya baba kufariki, na hakuwahi kukosa msimu hata mmoja. Tangu siku ile hakutaka kitu kingine.

Ifakara ya wakati ule haikuwa na makuu, ila kwa mama lilikuwa jiji: stendi, soko, baiskeli zisizokwisha, na watu wanaopishana bila salamu. Alfajiri ya kwanza aliketi kitandani, macho bado ameyafumba, akaamia. Nyumba nzima ilitoka nje. Mama vitumbua alishika mwiko, fundi alikuwa amejifunga shuka.

"Kuna nini? Mwizi?"

Nikawaeleza. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mama alikuwa akiona haya, lakini alfajiri iliyofuata ikawa vilevile. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata.

Haikuchukua muda, watu wakazoea. Fundi alimtania kila akipita barazani.

"Shikamoo mama. Kwelea wa leo wametokea wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Wametokea kitandani kwako. Jua limepanda wewe bado unakoroma."

Mama vitumbua alisema hahitaji tena saa ya kuamshia. Akisikia sauti, anawasha moto. Alimletea mama kitumbua kimoja kisicho na sukari, alichokaanga peke yake.

Ni mlinzi tu aliyeumia. Anavua viatu, anajilaza, sauti inapita ukutani. Siku moja alisimama mlangoni kwetu akiwa bado na koti la kazi.

"Mama, nakuheshimu. Lakini hapa hakuna mpunga, kuna watu. Mimi sijalala tangu jana."

"Nisamehe, baba," mama akasema. "Nimesikia."

Alfajiri iliyofuata kulikuwa kimya. Niliamka nikamkuta ameketi, amejiziba mdomo kwa upindo wa khanga, mabega yakimpanda na kushuka. Alikuwa anaamia ndani kwa ndani. Mama vitumbua alichelewa siku hiyo, akamfuata mlinzi uani.

"Umetuzimia saa yetu, wewe! Sasa uje uniamshe mwenyewe!"

Mlinzi aliingia chumbani kwake. Baada ya siku kadhaa alikuja kusema, akitazama chini, kwamba mama aendelee tu, yeye ameshazoea. Mama alimshukuru, lakini hakurudia. "Alisema kweli," aliniambia. "Hapa hakuna mpunga."

Kidonda kilianza kubadilika rangi. Dada alivuka na pantoni kuja kumwona, akaleta suke moja amelifunga kwenye jani la mgomba. Mama alilipokea kwa mikono miwili. Akaibana punje kwa kucha, likatoka tone jeupe.

"Ndiyo wiki yenyewe," akasema. "Mwanangu, nipeleke."

Nilimweleza tena habari ya maji, ya homa, ya mguu. Alinisikiliza kwa upole, kama nilivyozoea kuwasikiliza watoto darasani wanaojibu swali ambalo sikuuliza.

"Sitaingia majini. Niwekeni kwenye dungu tu. Kuamia ni kazi ya mdomo."

Daktari alikataa, na sina la kumlaumu. Homa ilipanda usiku huohuo. Tukamrudisha hospitali, na hakutoka.

Tulivuka naye mto kwa pantoni, amelazwa nyuma ya gari la kukodi. Fundi alikuja, mama vitumbua alikuja. Mlinzi alitoka lindoni moja kwa moja, na koti lake, bila kulala. Mama alizikwa ukingoni mwa shamba lake mapema asubuhi, kabla ya jua kuwa kali.

Ndugu na majirani wote walikuwa kaburini, na madungu yalikuwa matupu. Katekista alikuwa anasali wakati kivuli kilipopita juu yetu, kikashuka kwenye mpunga. Tulisikia masuke yakikatika. Dada alishika kichwa, lakini hakuondoka. Nani anaacha kaburi la mama yake akafukuze ndege?

Mlinzi aliondoka. Alikunja suruali, akaingia kwenye maji na viatu vyake vya kazi, akasimama katikati ya mpunga. Akaanza na sauti nzito, akaipandisha taratibu, kisha akaikata ghafla, kama mtu aliyefunga mlango.

Alikuwa ameijua yote. Aliisikiliza ukutani asubuhi zile zote alizokosa usingizi.

Kundi zima likainuka. Katekista akaendelea na sala, na mlinzi akabaki kulekule shambani, akiamia, mpaka tulipomaliza kufukia.