Sauti ya Rashidi Ukumbini Hjulsta

Profesa aliniuliza swali moja tu. "Kuna mtu wa jamii yenu anayeweza kuitambua sauti hii?" Nikamjibu kwamba hakuna. Katika mradi mzima mimi peke yangu ndiye niliyejua Kiswahili, kwa hiyo hakuwepo wa kunipinga. Natamani ningekataa siku ile. Ningesema, "Hii haifai kusikika hadharani," na Profesa angenisikiliza, maana hakuwa mtu mbaya.

Vijana wanaoingia sasa kwenye kazi ya usaidizi wa utafiti huniuliza sisi tuliifanyaje. Mimi nilikuja Sweden na kidato changu cha nne, mwanagenzi wa ufundi wa malori huko Södertälje, mji wa viwanda nje ya Stockholm. Mgongo uliponisumbua nikaenda kufanya usafi Märsta, karibu na uwanja wa ndege, kisha nikawa mkalimani katika kliniki za magonjwa ya akili. Huko ndiko Profesa alikoniona na kuniita kwenye mradi wake. Siku yangu ya kwanza nilikuta meza imejaa wasomi, kahawa na mikate ya mdalasini, na kila mmoja akanitaka nimwite kwa jina lake la kwanza. Ulimi ulinigomea. Niliwaita kwa vyeo mpaka nilipostaafu, na ndivyo nitakavyowataja hapa.

Mradi uliishi kwa ruzuku, yaani fedha ambazo serikali huwapa watafiti bila kudai zirudishwe, lakini hudai ionyeshwe zimefanya nini. Yetu ilikuwa ya utafiti shirikishi: serikali haikutaka chuo kikuu kifanye kazi peke yake. Chuo, hospitali na jamii za wahamiaji zilitakiwa zishirikiane kuchunguza kwa nini wagonjwa wa akili wa kwetu hufika kutibiwa wakiwa wameshaharibikiwa. Kwenye karatasi za mradi palikuwa na neno "jamii". Kwa upande wa Waswahili, jamii hiyo ilikuwa mimi.

Kazi yangu ilikuwa kutafuta washiriki na kuwaeleza maana ya ridhaa, yaani mtu akubali akiwa ameelewa anachokikubali. Kisha nilirekodi mazungumzo, nikayatafsiri kwa Kiswidi na kuondoa majina. Watu walikuwa wagumu. Mzee mmoja Mkongomani alinijibu akiwa amesimama mlangoni, "Papa, huku kwetu hakuna kichaa. Jaribu kwa Watanzania wenzako, wale wako wengi."

Rashidi alikubali kwa sababu yangu. Tulitoka naye Tanga, tukajifunza malori pamoja, na tangu hapo tuliitana swahiba. Alibaki Södertälje, lakini hapakuwa na harusi ya Waswahili mjini Stockholm, iwe ya Kiislamu au ya Kikristo, ambayo yeye hakuishika kama mshereheshaji. Akishika kipaza sauti, hata watoto wetu wasiopenda kusema Kiswahili waliacha simu zao wakamsikiliza. Kitu wasichokijua ni kwamba kwa miaka mingi alisikia watu wakimsema, watu ambao hawakuwepo, na kwamba alisimama imara kwa sababu ya dawa. Siri hiyo, nje ya hospitali, tulikuwa nayo mimi na mkewe, Mwanaidi.

"Swahiba, na jina langu?" aliniuliza nilipowasha kinasa sauti.

"Halitatoka."

"Likitoka nitasema ni lako. Uso wako unafanana na ugonjwa kuliko wangu." Akacheka, akatia saini.

Ruzuku ilipokaribia kwisha, ofisi ikawa haina raha. Afisa wa Ruzuku, mtu wa serikali wa kuamua kama fedha ziendelee, alitaka kuuona ushirikiano kwa macho yake, katika mkutano wa hadhara kwenye ukumbi wa Hjulsta, mtaa wa pembezoni mwa Stockholm. Mratibu wa Mradi, mama mpole aliyezoea kutafuna kucha, alinivuta pembeni. "Asipoiona jamii, hatuna mradi. Na wewe huna mkataba." Nililifikiria dekio la Märsta na mgongo wangu. Nilijiona nikiwaeleza watoto kwamba baba yao mtafiti amerudi kudeki.

Ndipo Profesa aliposema anataka Afisa amsikie mtu, kwa Kiswahili, na tafsiri ionekane ukutani. Nichague kipande kifupi. Fomu ya ridhaa iliruhusu kipande kutumika bila jina, kwa hiyo kwa kanuni hatukuvunja kitu. Nilichagua cha Rashidi kwa sababu hakuna aliyeeleza vizuri kama yeye. Profesa aliposikiliza kipande na kuniuliza lile swali lake, nilijiambia kwamba Rashidi anaishi mbali na watu wa upande huu hawatamkumbuka, ilhali wiki chache nyuma nilimwona akiendesha harusi papo hapo Hjulsta.

Nilipiga simu huku na huku kuomba watu wajaze viti. Rashidi sikumpigia, ila alipata habari kwa wengine. Nilikuwa mlangoni nikipokea wageni nilipomwona anakuja kutoka kituoni, amevaa suti yake ya harusi.

"Umeninyima mwaliko, swahiba? Nimesikia unahofia viti vitupu, nimekuja kukalia viwili."

"Mbali kote huko! Ungepumzika tu."

"Nitapumzika kaburini. Nionyeshe huyo mwenye hela nimpigie makofi."

Alikaa safu ya tatu. Kijana wa mitambo alikuwa hatua chache kutoka nilipo. Ningemwambia kipande kimeharibika, angenielewa. Sikumwendea. Profesa akafungua mkutano, Mratibu akafuata, nami nikabaki nimesimama nikitazama kisogo cha Rashidi.

Sauti ikaanza: "Nikishika kipaza sauti nasikia watu wanacheka. Basi najiuliza, hawa wanacheka niliyoyasema, au ni wale wa nyuma ya ukuta?"

Kwanza kukawa na kicheko, kile cha kukutana na mtu unayemjua. Mama mmoja Mkenya akasema kwa sauti, "Ai! Si huyu ni MC wetu?" Msichana wa pembeni yake akasoma maneno ya Kiswidi ukutani, akaweka mkono mdomoni. Kicheko kikafa. Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja baada ya kingine, kuelekea safu ya tatu. Afisa wa Ruzuku alikuwa akiandika, ameguswa sana.

Rashidi alisikiliza mpaka mwisho. Akafunga kifungo cha koti, akanijia mlangoni.

"Wewe ndiye uliyechagua?"

"Ndiyo."

"Jaha," akasema. Kwa Kiswidi, yaani "haya basi", kama vile mtu anavyomjibu karani aliyemwambia dirisha limefungwa. Akatoka.

Ruzuku iliongezwa. Nilifanya kazi mpaka kustaafu, nikaagwa kwa keki ya kijani ya sherehe za Waswidi, Profesa akanisifu kuwa daraja baina yao na jamii. Sikumwambia kitu wakati ule. Nilimwandikia baadaye, akanijibu kwa masikitiko, akaamuru sauti isitumike tena popote. Nanyi mnaofanya kazi hii leo, mkiulizwa swali kama lile, jibuni mnachokijua, hata kama mkataba uko mezani.

Hakuna aliyemwita tena Rashidi kuendesha harusi. Aliacha kwenda kliniki, akisema mkalimani wa huko naye ni mtu wa kwetu, na dawa akaziacha. Ugonjwa ulimrudia vibaya, akachukuliwa na kulazwa bila ridhaa yake. Mwanaidi akanisihi nisiende kumwona, kwa kuwa miongoni mwa sauti zinazomsema nyuma ya ukuta, sasa imo na yangu. Yuko hai, Södertälje, hafanyi kazi na hazungumzi na watu. Nilibakiwa na kazi yangu, na kwa ajili ya kazi hiyo rafiki yangu alipoteza afya, nami nikampoteza yeye.