Kiatu Nilichoacha Kwenye Jiwe la Wahindi

Alhamisi, tarehe 23 Agosti 2012, saa kumi na dakika ishirini jioni. Hapo ndipo ilipoanza, na sijaongeza kitu. Dada yangu anasema niliota. Nani anaota amesimama?

Mwalimu wa historia alitutuma tukanakili maneno ya jiwe la ukumbusho karibu na bandari, pale Wahindi waliposhushwa melini zamani wakangoja kugawanywa kwenye mashamba ya miwa kama vibarua. Wenzangu walienda kwa kikundi. Mimi, kwa aibu zangu, nilienda peke yangu.

Nikiwa naandika, akaja mama mmoja mwenye sari iliyopauka, shingoni kibati chenye namba, kama walichovishwa vibarua wale. Nilidhani ni mtu wa maonyesho. Akasema taratibu, "Mwanangu, unishikie nafasi, naenda kutafuta maji." Niamini, alisema kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, kule tulikotoka kabla ya kukimbilia hapa.

Nikaitika. Kila mtu ananifanyia hivyo. Kwenye foleni ya makaratasi ya wakimbizi Mama ananisimamisha tangu alfajiri, na wamama wa kanisa wananiachia nafasi zao wakanywe chai. Sijui kukataa. Inaniudhi mpaka basi.

Yule wa sari hakurudi. Nikataka kuondoka, miguu ikagoma. Haikuuma wala kufa ganzi, ilikataa tu. Nikavuta, nikalia, nikamtukana kimoyomoyo. Watu walipita wakinitazama, ningewaambia nini? Nyuma yangu nikasikia watu wakikohoa na kusogeza mizigo, wengi. Nikigeuka, hakuna mtu.

Jua likielekea kuzama nikakumbuka tunavyofanya kwenye foleni yetu: aliyechoka anaacha kitu chake chini, jiwe, chupa au ndala, na kitu hicho ndiye yeye. Hakuna anayekiruka. Nikavua kiatu cha kulia, nikakiweka niliposimama. Miguu ikafunguka.

Mama anasuka nywele saluni moja ya Umbilo, mtaa wa hapa mjini, na viatu vile alininunulia juzi tu. Aliangalia soksi yangu kwanza.

"Ingine iko wapi? Ao sasa unasomaka na mguu moja?"

Nikamweleza yote. Akasema nisipokileta, nitavaa ndala mpaka mwaka uishe.

Asubuhi nilikwenda kabla ya shule. Nyasi zote zilikuwa na umande, kiatu kikavu. Lakini hakikuwa nilipokiacha. Kilikuwa kimesogea mbele, ncha ikitazama jiwe. Foleni ilikuwa imetembea.

Nikakishika. Kisha nikamfikiria yule mama akirudi na maji yake, akute amerukwa, baada ya kungoja miaka yote ile. Ningekichukuaje?

Wewe ukifika pale, mtu akikuomba umshikie nafasi, muulize kwanza anangoja nini. Usiitike kwa aibu kama mimi.

Nilikirudisha palepale nilipokikuta, nikakinyoosha vizuri, nikaenda shule na ndala. Mwalimu alinisimamisha nje ya darasa kipindi kizima.